Tumeahidiwa ruzuku ya elimu ya meno shuleni (Meru), mfadhili anataka fulana na mabango. Nimwandikie nini?

MwalimuWaZamu

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Meru, Arusha. Ndiye mwalimu wa afya pia, maana yake sanduku la huduma ya kwanza linakaa kwenye kabati langu na mtoto akitapika naitwa mimi.

Tuna kikundi chetu kidogo: walimu wachache, mama mmoja muuguzi mstaafu na vijana wawili wa kanisani. Tumesajiliwa halmashauri kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Kupitia rafiki aliyeko Ujerumani tumeunganishwa na mfuko mmoja wa hisani unaotoa ruzuku ndogondogo kwa ajili ya elimu ya afya ya kinywa kwa umma. Si hela ya kujenga hospitali. Kwa shilingi yetu ni kama milioni 12, matumizi ya mwaka mmoja. Wametuma fomu, andiko linatakiwa mwisho wa mwezi.

Fomu yenyewe ndiyo inayonitatiza. Swali la kwanza: utafikia watu wangapi? La pili: utaadhimishaje Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, Machi 20? Mbele kidogo wanataka picha za meno ya watoto, za kabla ya mradi na za baada. Wakaambatanisha na mfano wa bajeti ya mradi mwingine waliowahi kuufadhili nchi fulani: mabango, fulana, kofia, spika za kukodi, chakula cha wageni. Dawa ya meno ilikuwa mstari wa mwisho kabisa, ndani ya "mengineyo".

Sasa hali ya hapa. Watoto ni mia sita. Bomba ni moja na maji yake ni ya kubahatisha. Getini asubuhi wapo mama wa ubuyu, kijana wa barafu za rangi na bibi wa kashata, na wote watatu wana watoto wao humu humu shuleni kwa hiyo usiniambie niwafukuze. Darasa la kwanza na la pili, magego ya utotoni yametoboka kwa wengi. Wapo wanaotafuna upande mmoja tu, ukiwatazama wakati wa uji utawajua.

Juu ya hilo kuna jambo letu sisi wa huku: meno ya mbele ya kahawia. Si mmoja wala wawili. Mimi mwenyewe nikicheka mtajua nimekulia wapi. Nina binti mmoja darasa la sita, hisabati anaongoza, lakini ukimwita ubaoni anajibu kiganja kikiwa mdomoni. Kabla hujasema ni aibu za kike, sikiliza hili. Waliwahi kuja wageni kutoa somo la meno. Yule aliyekuwa anafundisha akainua picha mbili, meno meupe na meno ya kahawia, akauliza kwa sauti ya uchangamfu: "Nani hapa hapigi mswaki?" Watoto wakaanza kunyoosheana vidole. Mama wa yule binti alikuja kuniambia kwamba jioni ile alimkuta nyuma ya jiko anasugua meno kwa jivu mpaka fizi zinatoka damu. Na ni mtoto anayepiga mswaki asubuhi na usiku!

Kwa hiyo naogopa kuandika mradi wa kurudia kitu kile kile kwa hela ya watu. Nataka andiko ambalo mfadhili atalikubali na mtoto atafaidika. Pili, dawa ya meno yenye madini ya floraidi ni salama huku ambako floraidi imejaa kwenye maji? Mwenye duka la dawa aliniambia nisithubutu. Tatu, vibali naanzia kwa nani?


Babu_wa_Tengeru

Mwalimu, chukua fulana. Fulana angalau inavaliwa.

Nisamehe, ila nimeona mengi. Shule ya mjukuu wangu waligawiwa kila mtoto mswaki na dawa, wakapigwa picha, wageni wakaondoka na vumbi lao. Dawa ilikuja nyumbani, na nyumbani tuko saba, wiki haikuisha. Mswaki nao baba yake akauona unafaa kung'arishia viatu. Nani wa kumlaumu? Mtoto hakuambiwa kesho apige wapi na saa ngapi. Aliambiwa acheke mbele ya kamera.

Ukiandika andiko lako, kitu chochote kisitoke getini. Mswaki ulale shule.


TabibuMeno

Babu amesema jambo zito kwa utani. Nimekuwa tabibu wa kinywa na meno kwenye vituo vya serikali muda mrefu, hivi sasa niko mkoa jirani na huo wako, kwa hiyo nitaandika kirefu. Anayetaka kifupi aruke.

Mwalimu, kwanza jibu la msingi la kumwandikia mfadhili. Elimu peke yake, ya kusimama mbele ya watoto na lile taya kubwa la plastiki, inaongeza ujuzi. Ukiwauliza mwezi unaofuata watakujibu vizuri mno. Lakini matundu ya meno hayapungui kwa kujibu vizuri. Kinachopunguza matundu ni floraidi kugusa jino kila siku, na sukari kupungua idadi ya mara inapoingia mdomoni. Mapitio makubwa ya tafiti ya Cochrane (mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopitia tafiti za afya) ya mwaka 2003 yalikuta dawa ya meno yenye floraidi inapunguza kuoza kwa meno ya watoto kwa wastani wa asilimia 24, na matokeo yanakuwa bora pale watoto wanaposimamiwa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Yaani dawa ya meno imekaa orodha moja na dawa ya malaria, halafu kwenye bajeti ya watu wako imewekwa "mengineyo". Mwandikie hivyo hivyo, kwa adabu.

Kwa hiyo mradi wako uuite elimu, maana ndicho wanachofadhili, ila elimu yenyewe iwe kupiga mswaki pamoja shuleni kila siku ya masomo. Si wazo langu. Ufilipino wamefanya hivyo kwenye shule za serikali kwa mpango wa Fit for School: watoto wananawa mikono kwa sabuni, wanapiga mswaki kwa pamoja kila siku, na dawa ya minyoo mara mbili kwa mwaka. Uskoti wana Childsmile, chekechea zao zinapiga mswaki chini ya macho ya mwalimu, na walipokuja kupiga hesabu wakakuta gharama za matibabu zilizookolewa zimezidi gharama ya kuendesha upigaji mswaki wenyewe. Mtaje yule kati ya hao ambaye mfadhili atamwelewa haraka. Mjerumani wako huenda anawajua wa Ufilipino, shirika la maendeleo la Ujerumani, GIZ, liliunga mkono kazi ile.

Utaniuliza bomba moja na watoto mia sita itakuwaje. Haihitaji bomba. Mtoto hatakiwi kusukutua baada ya kupiga mswaki, anatema tu, kwa sababu akisukutua anaondoa floraidi uliyoinunua. Tulivyofanya shule moja huku kwetu: kila darasa lina kibao chenye matundu, miswaki inasimama bila kugusana, kila mmoja una jina kwa rangi ya kucha. Wino wa kalamu unafutika, rangi ya kucha haifutiki. Kiranja anachukua sahani safi, mwalimu anaweka vitone vya dawa ukingoni kuizunguka, kila mtoto anachota kitone chake kwa mswaki wake. Mdomo wa tyubu haugusi mswaki wa mtu. Wanatoka nje, wanasimama kwenye mtaro wa migomba, wimbo mmoja wa dakika mbili, wanatema. Maji ni ya kusuuza miswaki, ndoo moja yenye koki inatosha darasa. Ukichelewa sana umekula dakika kumi za kipindi. Mwalimu wa kipindi cha kwanza atanuna wiki mbili kisha atazoea.

Hesabu ya dawa: kitone cha ukubwa wa punje ya mbaazi ni kama gramu 0.3. Watoto 600, siku za masomo 194, inakuja karibu kilo 35 kwa mwaka, yaani tyubu 350 za gramu 100. Miswaki ukibadilisha mara tatu kwa mwaka ni 1,800. Hata ukikadiria kwa bei ya rejareja, vyote hivyo ni sehemu tu ya milioni 12. Angalia ubavuni mwa tyubu, floraidi iwe kati ya 1,000 na 1,500 ppm (sehemu kwa milioni). Chapa yoyote ya dukani yenye kiwango hicho inafaa, usidanganywe na rangi ya boksi.

Sasa swali lako la floraidi, ambalo ndilo zuri kuliko yote.

Alichokuambia mwenye duka kina chembe ya ukweli lakini amekipeleka kwa mtoto asiye wake. Madoa ya kahawia yanatengenezwa wakati jino bado liko ndani ya taya linajengwa. Meno ya mbele ya ukubwani yanajengwa tangu utoto mchanga mpaka karibu miaka minne au mitano, magego mengine mpaka miaka minane hivi. Doa likishaingia wakati huo, jino linaota nalo. Mtoto wa darasa la tatu meno yake ya mbele yameshaota, dawa ya meno haiwezi kuyatia doa. Wa chekechea na darasa la kwanza ndio wa kuangaliwa wasimeze: kitone kidogo, mwalimu asimame nao, wateme. Aliye chini ya miaka mitatu nyumbani apewe kiasi cha punje ya mchele, na kwenye maji kama ya kwenu mzazi ashike tyubu mwenyewe, isiwe kitu cha kulambwa.

Na tafadhali liandike hili kwa herufi kubwa kwenye andiko: MADOA YA KAHAWIA SI UCHAFU. Hayatoki kwa mswaki, hayatoki kwa jivu, hayatoki kwa mkaa, wala hayakuja kwa uvivu. Yapo matibabu ya kuyapunguza au kuyafunika, kwa daktari wa meno, na yana gharama. Huwezi kwenda Maji ya Chai au Ngurdoto na bango lililochorwa Ulaya linalosema meno safi ni meno meupe. Unawatukana nusu ya darasa na wazazi wao. Jino la kahawia linaweza kuwa zima kabisa, na jeupe likawa limetoboka kwa nyuma.

Kama mnataka elimu ya kuzuia madoa yenyewe, hiyo haina kazi kubwa shuleni. Ipelekeni kliniki ya mama na mtoto, siku ya kupima uzito. Huko ndiko waliko ambao meno yao yanajengwa sasa hivi. Waambieni akina mama mambo ambayo nakuta hata wasomi hawayajui. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Kunaua vijidudu, jambo jema, lakini maji yakipungua kwa mvuke floraidi inabaki pale pale. Dawa ya kutibu maji nayo haiiondoi. Maji ya mvua yaliyovunwa vizuri ndiyo salama zaidi kwa uji wa mtoto. Halafu magadi. Ile magadi ya kulainishia makande na maharage inaweza kuwa na floraidi nyingi, na mtoto wa mwaka mmoja anakula makande hayo hayo yaliyopondwa. Hapo ndipo mama anaponyanyua macho, kwa sababu kila siku ameambiwa habari za maji, hakuna aliyemwambia habari za chungu.

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu kwa miaka mingi ilivumilia mpaka 8 kwa maji ya vijijini kwa kukosa njia nyingine, kwa hiyo msione ajabu vizazi viwili vina meno ya namna moja. Pale Ngurdoto kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji, wanatumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Nendeni mkawaone, ni majirani zenu, na barua yao ya ushirikiano itapendeza kwenye viambatanisho. Maji yenye floraidi nyingi yanadhuru mifupa pia, si meno tu, ndiyo maana tangi la maji ya mvua shuleni lina maana hata kwa wakubwa.

La mwisho kwangu. Usiandike mradi wa elimu usio na mlango wa matibabu. Ukishawaambia watoto wafungue midomo utakuta jipu la jino, utafanya nini? Ongea na mratibu wa afya ya kinywa na meno wa wilaya, tengeni siku za watoto kuonwa. Matundu mengi ya watoto yanazibika bila umeme wala mashine, kwa vifaa vya mkono na saruji ya meno. Njia hiyo inaitwa ART, na ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980 kabla haijasambaa duniani. Vijijini tumezoea kung'oa tu, mpaka mzazi akisikia "meno" anawaza koleo. Mtoto akirudi nyumbani jino limezibwa na hajalia, umefundisha ukoo mzima.

Vibali: barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, nakala kwa Afisa Elimu Msingi na Mganga Mkuu wa Wilaya. Usianze kwa mwalimu mkuu hata kama mnakunywa naye chai.


MamaKulwa_SHY

Tabibu, hapo kwenye kliniki ongezeni meno ya plastiki. Huku Shinyanga bado yapo. Mwanangu wa pili alikuwa na homa na kuharisha, wakubwa nyumbani wakapapasa ufizi wakasema ana meno ya plastiki, apelekwe kwa mtaalamu ayatoe. Nilimbeba nikakimbilia zahanati, nikaitwa mkaidi mwezi mzima. Jirani yangu alikubali, mtoto wake alichokonolewa ufizi na kitu chenye ncha, akatoka damu usiku kucha. Alipona, lakini sasa ni mkubwa na lile jino la pembeni halikuota.


TabibuMeno

Asante dada. Hakuna jino la plastiki. Ile nyeupe wanayoipapasa ni chonge la utotoni ambalo bado liko ndani ya ufizi, na homa ile mara nyingi ni malaria au tumbo. Wakilichokonoa wanaharibu na lile la ukubwani lililo chini yake, achilia mbali damu, pepopunda na maambukizi mengine. Mwalimu, hilo liingie kwenye siku za kliniki. Na aseme muuguzi wenu mstaafu, bibi akimsikia mwanamke wa rika lake ni rahisi kulegea.


Mhasibu_Moshi

Habari zenu. Mimi meno siyajui, najua hela za wafadhili. Nimekuwa mhasibu wa miradi ya kanisa na vikundi, niseme upande huo.

Mwalimu, milioni 12 iko chini ya ile milioni 20 ambayo kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali zinataka mkataba upelekwe kwa Msajili na fedha zitangazwe. Ni nafuu kwako. Hata hivyo peleka nakala ya mkataba kwa Afisa Maendeleo ya Jamii siku hiyo hiyo unaposaini, upige muhuri wa kupokelewa. Siku maneno yakianza utaushukuru muhuri.

Kwenye "watu wangapi": mfuko mdogo unauliza idadi kwa sababu nao una bodi inayowauliza. Usigombane na swali, lijibu kwa njia yako. Andika watoto 600 wanaopiga mswaki siku 194, kisha tenga mstari wa akina mama wa kliniki. Usiweke "jamii yote ya kata" ili namba ipande. Nimeona andiko lililoahidi kufikia watu wengi kuliko waliokuwepo kwenye sensa ya kata. Likakubaliwa! Shida ikaja kwenye ripoti.

Viashiria weka vinavyohesabika bila mtaalamu: daftari la darasa lenye tiki ya kila siku mliyopiga mswaki, tyubu zilizotumika kwa mwezi, watoto waliopewa rufaa na waliofika. Tyubu ni shahidi mzuri sana, zisipoisha ujue hakuna aliyepiga mswaki. Tabibu wa wilaya awaangalie darasa la kwanza mwanzoni na mwishoni mwa mwaka, ila usimwahidi mfadhili kwamba matundu yatapungua ndani ya mwaka mmoja. Jino haliozi wala haliokoki kwa kalenda ya ruzuku.

Posho. Iweke wazi, usiifiche kwenye "usafiri". Nauli ya tabibu, chai ya walimu siku ya mafunzo, basi. Machi 20 waachie bango moja na fulana za walimu wasimamizi tu, ili picha yao ipatikane. Bango lenyewe liandikwe maneno ya Tabibu kuhusu madoa, lichorwe na kijana wa hapo hapo, libaki ukutani mwaka mzima.

Tangi la maji usiliweke kwenye ruzuku hii, litameza kila kitu. Ubalozi wa Japani una misaada midogo ya ngazi ya jamii, inapenda majengo na vifaa, matumizi ya kila siku kama dawa ya meno haigharamii. Tangi linafaa huko. Australia nayo ina misaada midogo inayosimamiwa kutoka Nairobi. Rotary mtasikia wakitajwa sana, lakini ile ruzuku yao ya kimataifa bajeti yake inaanzia dola 30,000 na lazima klabu ya hapa ishirikiane na ya nje, kwa hiyo hiyo ni safari ya baadaye. Wapo pia watengenezaji wa dawa za meno wanaotoa miswaki na vitabu shuleni, Colgate wana mpango wao tangu 1991. Chukueni miswaki, somo lifundisheni wenyewe.

Na hizo picha za meno ya watoto, hapana. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, yule binti wa kiganja mdomoni anapigwaje picha ya "kabla"? Na "baada" itakuwa nini, wakati madoa hayatoki? Mpe mfadhili picha ya vibao vya miswaki yenye majina ya kwanza, au watoto wakiwa kwenye mtaro wamegeuza migongo.


MwalimuWaZamu

Wakuu, sijui niseme nini. Nimekaa na muuguzi wetu jana, tumeandika upya. Nabandika kipande mkikosoe:

"Mradi utawawezesha wanafunzi 600 kupiga mswaki kwa pamoja kila siku ya masomo kwa dawa yenye floraidi, wakisimamiwa na walimu wao. Katika eneo letu wakazi wengi wana madoa ya kahawia kwenye meno yatokanayo na floraidi nyingi katika maji na magadi waliyotumia utotoni. Madoa haya si dalili ya uchafu, na mradi hautatumia rangi ya meno kama kipimo cha usafi, katika mafundisho, mabango wala picha. Kuhusu picha za kabla na baada, tunapendekeza badala yake daftari la kila siku na ripoti ya tabibu wa wilaya."

Rafiki wa Ujerumani anasema hiyo ya picha itawaudhi. Mimi nimesema tuiache. Kama ruzuku ni ya kununua aibu ya watoto basi wakae nayo.

Halafu mama wa ubuyu nimezungumza naye. Hawezi kuacha, ndiyo ada ya mwanawe. Ila amekubali kuuza wakati wa mapumziko ya saa nne tu badala ya asubuhi mpaka jioni. Tabibu, hilo lina maana yoyote au najidanganya?

Swali jingine limetoka kwa mzazi: mwezi wa Ramadhani itakuwaje? Karibu robo ya watoto wetu wanafunga kuanzia darasa la nne.


TabibuMeno

Lina maana kubwa. Jino linashambuliwa kila sukari inapoingia, na baada ya hapo mate yanahitaji muda kulituliza. Ubuyu wa saa nne ni shambulio moja. Ubuyu unaonyonywa kidogo kidogo tangu getini mpaka kengele ya mwisho ni vita ya siku nzima, hata kama pakiti ni ile ile. Mpe huyo mama fulana ya mradi, anaistahili kuliko mgeni rasmi.

Andiko liko sawa. Ongeza sentensi ya siku za matibabu na jina la kituo.

Ramadhani: kaeni na ustadhi wa madrasa na wazazi mapema, kabla ratiba haijatoka. Wengi hawana shida na mswaki kwa aliyefunga, wasiwasi wao ni dawa kuingia kooni. Kwetu sisi, watoto waliofunga tuliwaachia watumie mswaki wa mti, walikuja nao wenyewe kutoka nyumbani, na wakasimama mtaroni na wenzao kama kawaida. Dawa yenye floraidi wanapiga nyumbani baada ya daku na kabla ya kulala. Kwenye daftari wawekee alama yao tofauti, la sivyo Mhasibu ataona tyubu zimebaki akuulize ziliko.


Mhasibu_Moshi

Nitauliza kweli. Na akaunti ya benki iwe na wasaini watatu, mmoja wao asiwe mwalimu wa shule hiyo.